Boksi la Njia Tatu

Jumatatu, 1 Julai 1996. Binza, Maswa.

Naanza daftari hili leo kwa sababu siku moja watu watauliza nilifikaje nilipofika. Wajue nilianzia wapi. Nilianzia kwenye kiti cha kamba, uani kwangu, saa nne asubuhi, nikitazama mashine yangu ya kusaga ikiwa imefunikwa turubai.

Mashine yenyewe nzuri. Niliinunua kwa kiinua mgongo changu chote, waliponipunguza kazi kiwanda cha pamba baada ya miaka kumi na moja ya kutunza stoo. Mota ya kijani, nzito, ya Kihindi. Kasoro yake moja tu. Haizunguki. Tangu Februari! Nikiiwasha inaguna mmmmm kama ng'ombe aliyevimbiwa, halafu breka ya ndani inaruka, halafu Nyanjige mke wangu anauliza kutoka jikoni kama nimemaliza kucheza.

Ya Magese inazunguka. Huyu Magese tulikuwa naye kiwandani, yeye akishika spana, mimi nikishika funguo za stoo, na kila mtu alijua mwenye akili ni nani. Leo ana mashine Nyalikungu na foleni ya akina mama na madebe yao tangu jua linachomoza. Nimepita pale makusudi, nikajifanya nimekuja kumsalimu. Mwangaluka, mwangaluka. Mdomo unasalimia, macho yako ukutani. Na hapo nikaliona!

Boksi la umeme. La chuma, la kijivu, kubwa kama mlango wa kabati, lina mpini ubavuni kama wa breki ya lori. Langu mimi ni kiboksi cha plastiki, kimo cha redio ya mkulima, na breka nne nyembamba kama vidole vya mtoto.

Miezi mitano nailaumu mota, kumbe ugonjwa uko ukutani. Boksi dogo, umeme mdogo. Boksi kubwa, umeme mkubwa. Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye siri.

Jumanne, 2 Julai.

Nyanjige kaondoka na basi la asubuhi kwenda Sola kumwona mama yake, anaumwa mgongo. Atarudi Jumamosi. Kaniachia binti yetu mdogo, Goodness, wa darasa la kwanza, na maagizo mengi. Mtoto ale. Mtoto anawe. Mtamba wake apelekwe majini mara mbili kwa siku. Nimeitikia yote.

Mchana nimemwita Violeth. Ni fundi umeme, kasoma chuo cha ufundi Mwanza, anatembea na bisibisi mfuko wa shati. Mikono yake mizuri kwa kazi. Ila ni binti wa Magese, kwa hiyo kila anachosema nakipunguza nusu.

Nimeuliza kwa kuzunguka. Tofauti ya boksi la nyumbani na boksi la biashara ni nini, kwa kujua tu? Kakaa juu ya ndoo, kaeleza kwa heshima, baba hivi, baba vile. Anadai nyumbani kwangu nguzo imeleta njia moja: waya mmoja wenye moto na mwenzake wa kurudishia. Boksi langu limetengenezwa kwa mzigo huo, taa, redio na pasi. Kwa baba yake nguzo imeleta njia tatu, nyaya tatu zote zina moto. Kwa hiyo boksi lake lina vyuma vitatu vya shaba ndani, mzigo unagawanywa sawasawa, na breka zake zimeungana tatu tatu kwa mkono mmoja. Njia moja ikizidiwa, zote zinashuka pamoja, ili mota isibaki na mbili ikajiunguza. Nyaya zake ni nene kuliko zangu. Na mota yangu ni ya njia tatu.

Nikauliza, je, mtu akifunga boksi kubwa hapa?

“Baba, boksi linagawa tu,” akasema. “Ni kama mgawa pilau msibani. Hata umpe mwiko mkubwa kiasi gani, sufuria likiwa moja ni moja.”

Akashauri nipeleke maombi ya njia tatu. Nilipeleka! Mwezi wa tatu! Wamesema nguzo zinazoleta njia tatu zimeishia barabarani, huku kwetu nisubiri. Akasema basi tusubiri.

Tusubiri! Nchi nzima imefunguliwa biashara, watu wananunua pamba kwa malori yao wenyewe, na mimi nisubiri nguzo. Namwona. Baba yake kamtuma. Hawataki mashine ya pili mji huu.

Jumatano, 3 Julai.

Habari kubwa! Kiwanda chetu cha zamani kinauza vyombo chakavu kesho, kwa mnada. Nimepenya kwa mlinzi, tunafahamiana. Katika vyombo hivyo kuna boksi la umeme la chumba cha mashine za kuchambulia. Nalijua. Miaka kumi na moja nilipita mbele yake nikienda kunywa chai. La Magese ni mtoto wake.

Tatizo ni nauli ya kulifikia, kwa maana ya fedha. Mfukoni hamna kitu. Nimezunguka ua mara tatu nikifikiri. Mara ya tatu mtamba wa Nyanjige akaniangalia.

Anaitwa Mabaka. Nyanjige alipewa na baba yake, marehemu, angali ndama, Goodness alipotimiza miaka mitano. Mwakani angezaa. Nyanjige humkwaruza kati ya pembe kila asubuhi, na humwambia habari ambazo mimi siambiwi.

Nimefikiri kwa haki kabisa. Mtamba mmoja leo ni mitamba mitatu Desemba, mashine ikishasaga. Kwa hiyo si kwamba namuuza. Namzalisha kwa njia nyingine. Nimemwita Shigela, mchuuzi wa ng'ombe. Kanisainisha karatasi, kahesabu, kaondoka naye. Mabaka hakugoma. Alidhani anapelekwa majini.

Goodness aliporudi shule kauliza. Nikamwambia ng'ombe yuko machungani. Ni kweli, kwa namna fulani.

Alhamisi, 4 Julai.

Ni langu! LANGU!

Mnada ulianza na viti vibovu na mizani. Walipofikia boksi watu wakacheka, isipokuwa Magese. Kila nikitaja bei, anapandisha. Nikataja, akapandisha. Jasho! Mwishowe nikataja kila kitu nilichokuwa nacho, hadi cha soda. Magese akanitazama, akakunja mikono, akasema kwa sauti kila mtu asikie kwamba amemwachia mheshimiwa. Watu wakapiga makofi. Nadhani yalikuwa ya heshima.

Tumelibeba kwa mkokoteni wa ng'ombe, wanaume wanne. Njia nzima watu wametoka milangoni. Evalina jirani yangu, mjane, mpenda habari, kauliza kama ni jeneza la mzungu. Nikamweleza kwa upole kwamba ni maendeleo.

Ijumaa, 5 Julai.

Boksi halipiti mlangoni.

Baadaye: linapita, mlango ukiondolewa na fremu yake.

Baadaye tena: ukuta wa sebule hautoshi. Picha ya harusi nimeishusha. Kabati la vyombo nimelitoa nje. Hata hivyo, mpini unagonga dirisha, kwa hiyo kutoka leo dirisha hilo halifunguki. Si kitu. Dirisha ni kwa watu wasio na umeme.

Saa kumi jioni lilikuwa limesimama. Nimelipaka rangi ya fedha iliyobaki ya mabati. Nimeandika juu yake kwa brashi: MAHONA MILLING. Nimekaa kwenye kiti mbele yake muda mrefu. Mimi, Selestini Mahona, niliyeambiwa kazi yangu ni kuhesabu magunia. Nimepandisha mpini, nimeshusha mpini. Klak. Klak. Mlio wa kiume!

Goodness kaomba naye ajaribu. Nimemruhusu mara moja. Kalalamika kichwa kinamuuma.

Jumamosi, 6 Julai.

Nyanjige karudi saa saba. Kasimama pale mlango ulipokuwa. Katazama boksi. Kalitazama tena. Kauliza picha yake ya harusi iko wapi. Nikasema iko salama, chini ya kitanda. Akasema sawa. Hiyo sawa siipendi hata kidogo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Sikufika hata sentensi ya pili. Alikuwa ameshatoka uani, na nikasikia akiita Mabaka, Mabaka, kwa sauti ile ya kila asubuhi. Halafu kapiga yowe!

Sijui kwa nini sikusema palepale. Mdomo ulifunguka kabisa. Kilichotoka ni kwamba nilimwacha kwenye mti jana na sielewi. Kufumba na kufumbua filimbi zinalia Binza nzima. Sungusungu wamekuja na marungu, wanaume thelathini, mbele yao mtemi wao mzee Limbu, ambaye hajawahi kukosa mwizi. Akanishika bega. Akanipa pole kwa msiba wa ng'ombe. Akasema mimi kama mwenye boma nitangulie mbele.

Kwa hiyo nimetangulia mbele! Saa nzima, na nusu yake, na nyingine, nafuata nyayo za mtamba niliyemuuza mwenyewe. Kila njia panda wananiuliza moyo wangu unaniambia nini. Moyo wangu ulikuwa unaniambia mambo mengi. Nikawa nawaelekeza upande usio wa Shigela. Tumefika karibu na Sola. Viatu vyangu vya mnada vimenitoa malengelenge. Wazee walinisifu kwa uchungu wangu. Mmoja alitokwa machozi.

Jua lilipoanza kuzama wakasema tutaendelea Jumatatu, kwa kuwa kesho ni Sabasaba na Jumapili. Nyanjige alikuwa amekaa mlangoni pa zizi. Hakuuliza kama tumempata. Aliona miguu yangu, akaleta maji ya moto yenye chumvi, akaniosha.

Afadhali angenipiga.

Lakini mashine ikizunguka kesho, yote haya yatakuwa historia ya kuchekesha.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa.

Niliamua uzinduzi uwe saa tano, Nyanjige akiwa kanisani, ili akirudi akute unga. Goodness alikuwa na homa. Nilimlaza chumbani kwetu, nikamfunika, kwa sababu sebuleni palijaa. Evalina alikuwa mgeni rasmi. Nilipeleka barua ya mwaliko kwa Magese, kwa kalamu nyekundu. Hakuja. Alimtuma Violeth, kupeleleza bila shaka.

Nilikuwa nimeshaunganisha kabla hawajafika. Nyaya nimetoa kwenye kiboksi cha zamani, nikazipitisha juu ya dari hadi boksi kubwa, kisha hadi kwenye mota uani. Mota ina sehemu tatu za kufungia. Moto ninao wa waya mmoja. Nikafunga zote tatu kwenye waya huo mmoja. Evalina akakata utepe, kitambaa cha Nyanjige cha kichwa. Nikapandisha mpini. Klak!

Kimya. Hata kuguna haikuguna. Violeth akafungua mdomo. Nikamwonyesha mkono anyamaze, mgeni rasmi yupo.

Nikakumbuka habari zake za waya wa kurudishia. Basi nikabadilisha: moja nikaipa moto, nyingine nikaipa ule wa kurudishia. Klak! Mmmmmm! Watu wakapiga vigelegele. Breka ndogo ikaruka. Nikairudisha, ikaruka. Kitoto hiki kilichonisumbua miezi mitano! Nikakitoa kabisa. Nikaunga moja kwa moja, na badala yake nikaiachia kazi breka ya kiwandani, nene kama tofali, ambayo hairuki ovyo.

Violeth alisimama. Akasema, “Baba, usiwashe! Hiyo breka ndogo ndiyo iliyokuwa inazilinda nyaya zako. Hiyo kubwa haitashtuka mpaka nyumba iwake!”

Nikamwambia ampelekee baba yake salamu. Nikapandisha mpini.

MMMMMM! Mtikisiko! Taa ya sebule ikawa nyekundu kama kaa. Redio ya Evalina, ng'ambo ya ua, ikanyamaza katikati ya hotuba. Mota ilikuwa inatetemeka, nikajua sasa, sasa hivi, inaanza kuzunguka. Nikawaambia watu wavumilie. Nadhani niliwaambia mara mbili.

Harufu ilikuja kwanza. Kama kandambili iliyoangukia jikoni. Halafu moshi juu ya mlango wa chumba. Dari yetu ni magunia ya pamba yaliyoshonwa, mazuri, nilipewa nilipoacha kazi.

Violeth aliruka kiti, akang'oa fyuzi ya chini ya mita, umeme wote ukafa. Lakini juu kulikuwa kumeshashika. Evalina anapiga kelele maji. Violeth anapiga kelele mchanga. Mimi nilikuwa nashusha mpini. Nikaupandisha, nikaushusha. Sijui nilidhani unafanya nini.

Halafu nikasikia Nyanjige. Alikuwa ametoka kanisani, ana Biblia mkononi, na aliuliza jambo moja tu.

“Mtoto yuko wapi?”

Nikaelekeza kwa kidole.

Aliingia na nguo zake za kanisani. Nilimfuata. Hapo ndipo nilipoungua mkono, gunia liliniangukia. Goodness alikuwa ameketi kitandani kajifunika shuka hadi machoni, hata halii. Nyanjige alimbeba. Tukatoka. Wanaume wa mtaa walivuta dari yote chini wakaizika kwa mchanga.

Kilichoungua ni dari, godoro na picha ya harusi, ambayo ilikuwa salama chini ya kitanda.

Mtoto yuko mzima. Naandika tena. Mtoto yuko mzima.

Jumatatu, 8 Julai.

Watu wa umeme wamekuja na ngazi. Wameukata waya wetu juu nguzoni. Kijana wao mwenye kofia kaangalia boksi, kaita mwenzake, na wote wawili wamekaa chini. Walikuwa wanacheka mpaka wakashikana. Wameandika barua. Nyumba isirudishiwe umeme mpaka fundi anayetambulika aitengeneze upya na kusaini. Mtaa mzima ulikuwa hauna umeme tangu jana, kumbe fyuzi ya mtaa nayo iliondoka na sisi. Watu wananisalimu kwa kifupi sana. Mwadila, basi.

Sungusungu waliondoka tena saa tatu. Safari hii sikuwepo mbele, kwa sababu ya mkono. Saa sita walikuwa wameshafika kwa Shigela.

Jumanne, 9 Julai.

Kikao kimefanyika chini ya paa la ghala la kata. Nyanjige mlalamikaji. Mimi, kwa mujibu wa mzee Limbu, mlalamikaji mwenza hadi hapo itakapojulikana vinginevyo.

Ikajulikana. Shigela alikuja mwenyewe, amekasirika, maana hajawahi kuitwa mwizi. Akatoa karatasi. Karani akaisoma. Ng'ombe mmoja, jike, mabaka meupe. Muuzaji: Selestini Mahona. Sahihi ninaijua, ina mkia mrefu, nilijifunza stoo.

Yule mzee aliyelia Jumamosi alinitazama kama vile anadai machozi yake.

Mzee Limbu akauliza kwa nini. Nikaeleza habari ya boksi. Nilieleza vizuri, hata nikachora chini kwa kijiti. Nilipomaliza akauliza tena kwa nini.

Wakamuuliza Shigela ng'ombe yuko wapi. Kasema alimpeleka Bariadi mnadani siku ileile ya Jumamosi, kaondoka na lori la watu asiowajua. Nyanjige aliinamisha kichwa. Aliponyanyuka hakulia wala hakunitukana. Alisema mtamba ule baba yake alimpa amzalie mtoto wake maziwa. Sasa yeye hana mtamba, hana dari, na mume wake ana mashine. Anaomba mashine.

Nikacheka kidogo. Mashine haizunguki! Atafanya nayo nini?

Baraza halikucheka. Wamempa mashine, mota yake, na boksi. Mimi nimepigwa faini ya mbuzi wawili kwa kuwatembeza wazee wa watu kwenda Sola, na wameamua kwamba mpaka msimu wa pamba uishe nisiaminiwe jambo lolote la mifugo.

Jumapili, 14 Julai.

Wanalala kwa Evalina, Nyanjige na Goodness. Mimi nalala nyumbani, natazama nyota kupitia pale bati lilipoachana. Goodness hupita asubuhi akienda kisimani, ananipungia mkono. Leo aliniletea viazi viwili ndani ya sahani iliyofunikwa. Nikamuuliza nani kampa alete. Kasema hakuna mtu. Lakini sahani ilikuwa ile nzuri, yenye maua.

Ijumaa, 26 Julai.

Siamini macho yangu. Naandika nikiwa nimekaa kwenye gunia la pumba.

Nyanjige na Violeth wamepanga kibanda Nyalikungu, kando ya barabara, pale njia tatu zinapopita. Kumbe kibanda hicho kilikuwa na mita yake tangu mwanzo, mwenyewe alihama. Violeth kalichukua boksi langu, kalifungua lote, kasugua shaba, kabadilisha breka mbili, kaweka nyaya nene kama kidole gumba, kachimbia waya ardhini. Kasema boksi lenyewe ni zuri sana, halikuwa na kosa lolote isipokuwa anwani. Watu wa umeme wamekagua, wamesaini.

Leo saa mbili asubuhi Nyanjige kapandisha mpini. Klak. Na mota ikazunguka! Bila kuguna! Inaimba! Unga ukatoka mweupe kama wa mjini. Goodness alichovya kidole akaonja.

Magese alikuja, akasimama, akasikiliza mota kwa kichwa kilichoinama. Akampongeza Nyanjige kwa mikono miwili. Akasema foleni yake ilikuwa ndefu mno, amefurahi kugawana. Nikamuuliza kwa nini basi alinipandishia bei siku ya mnada. Kasema alikuwa akijaribu kunizuia nisilinunue. Alidhani nitachoka mapema.

Nimeajiriwa. Nafagia pumba na kushika midomo ya magunia. Nyanjige ananiita Baba Goodness mbele ya wateja. Jina MAHONA MILLING wamelifuta, lakini jua likipiga kwa pembeni bado linasomeka.

Jumatano, 14 Agosti.

Wamerudi nyumbani, wote wawili. Dari mpya ya mbao. Mlango umerudi. Violeth kafunga kiboksi kingine cha plastiki, breka nne, kasaini, waya umerudishwa nguzoni. Kabla hajaondoka kanifanya nirudie kwa mdomo, kama mtoto wa kipaimara: nyumba ni njia moja, mashine ni njia tatu, breka ni ya kulinda waya na si ya kuudhi mtu. Nimerudia yote bila kukosea. Nyanjige kacheka. Ni mara ya kwanza tangu Juni.

Jumamosi, 17 Agosti.

Mdogo wangu Thomasi kaandika kutoka Lamadi. Kaacha samaki. Ana mashine ya kukamua alizeti, karibu mpya, anauliza kama nina mahali pa kuiweka. Mota yake njia tatu.

Nimekaa na barua uani tangu asubuhi. Nimetulia sana. Mimi si yule wa Julai. Sasa najua kwamba kosa halikuwa mashine, wala boksi. Kosa lilikuwa kutafuta njia tatu ndani ya nyumba moja.

Nyumbani kwangu kuna njia moja. Kwa Evalina kuna njia moja. Kwa mwalimu Januarius, nyuma ya Evalina, kuna njia moja. Nimezihesabu mara mbili. Zinakuja tatu! Mtaa mzima umezizunguka miaka miwili na hakuna aliyefikiri kuziunganisha. Violeth mwenyewe hakufikiri, na kasoma.

Nitasubiri mpaka Goodness awe shule. Mimi ni mtu ninayejifunza.

Kinachokosekana ni waya tu, kama mita ishirini hivi, wa kuvuka ua wa Evalina. Na sasa hivi, nikiandika, Nyanjige anaanika shuka zake juu ya kamba. Si kamba. Ni waya! Waya wa chuma, mzuri kabisa, umefungwa nguzo hadi nguzo, na haufanyi kazi yoyote zaidi ya kushika shuka.

Jumatatu nitamshauri aanike kwenye majani. Jua la majani ni bora zaidi.